Mkalimani wa Msowero

Baba alifundisha historia katika shule za msingi za Wilaya ya Kilosa kwa miaka 33, na kila mwaka darasa lilipofika kwa Chifu Mangungo alikuwa na mchezo wake. Alichukua karatasi, akaandika mistari michache ya Kijerumani cha kubuni, akamwita mtoto mmoja mbele na kumwonyesha peremende. "Weka alama yako hapa, upewe." Mtoto aliweka alama. Baba alikunja karatasi na kulitangazia darasa kwamba kuanzia siku hiyo dawati, madaftari na viatu vya mtoto yule ni mali ya mwalimu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Niliwahi kuitwa mbele mimi mwenyewe. Nilijua kabisa mchezo unakoelekea, maana nyumbani nilishausikia mara nyingi. Lakini niliitaka ile peremende.

Kwa watoto wa Kilosa hadithi hii si ya mbali. Msowero ni kata ya wilaya yetu hiyohiyo, kwenye barabara ya kwenda Dumila. Tulipomcheka Mangungo tulikuwa tunamcheka mtu wa nyumbani. Na nchi nzima inamcheka nasi: kiongozi akisaini mkataba mbovu wa madini au bandari, utasikia mitaani kwamba huo ni mkataba wa Chifu Mangungo. Jina lake limekuwa neno la kumwitia mtu asiyesoma anachosaini.

Baba naye alikuja kusaini. Ilikuwa katika ofisi moja Dar es Salaam, ghorofa ya nne, na aliyekuwa pembeni yake akimsomea karatasi nilikuwa mimi.

*

Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo ilinunua Toyota Noah ya mkononi. Binamu yangu akawa dereva, gari likaanza kubeba abiria kati ya Kilosa na Mikumi. Njia yenyewe ilikuwa ya vumbi, na inapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Watu wa Kilosa wanapenda kumwambia mgeni kwamba jana walikwenda Ulaya na kurudi siku hiyohiyo. Hesabu ya baba ilikuwa rahisi: Noah ilipe ada ya mdogo wangu wa kidato cha tano, ilipe dawa za mama za presha, na kinachobaki kiingie kwenye nyumba ambayo ilikuwa imefika usawa wa madirisha.

Mikumi ni mji uliojipanga kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Mchana kutwa unanuka nyama choma na breki za malori. Kabla ya kuufikia ukitokea Morogoro, barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Humo madereva wanapunguza mwendo, kwa sababu ya wanyama na kwa sababu ya bango. Bango linaorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja: twiga ana kiwango chake, simba chake, nyani chake. Ukimgonga, unajua unadaiwa kiasi gani kabla hujashuka kwenye gari.

Wakishatoka hifadhini, madereva wengine hufidia muda walioupoteza. Jumamosi moja ya Machi 2018, Noah ilikuwa imesimama pembeni pale mjini ikishusha abiria, na baba alikuwa amekaa kiti cha mbele. Lori lenye tela likashindwa kusimama. Lilitupiga kwa nyuma na ubavuni, likaisukuma Noah mpaka kwenye mtaro. Hakufa mtu. Abiria wawili walichanika na vioo. Baba alivunjika mguu wa kulia chini ya goti, mifupa yote miwili.

Nilipata simu nikiwa Morogoro mjini. Nilipofika nilimkuta amelala kwenye benchi, PF 3 mkononi, kwa sababu majeruhi wa ajali alitakiwa apitie kwanza polisi ndipo atibiwe. Alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini alitaka kunituliza. "Usihofu," alisema. "Lori lina bima. Nimeiona stika."

*

Baba alikuwa sahihi kuiamini ile stika, na hapa lazima niitendee haki historia yake.

Mwaka 1930 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu atakaowadhuru. Magari yalikuwa yanaua na kulemaza, na mara nyingi aliyeshinda kesi aligundua kwamba aliyemgonga hana kitu cha kumlipa. Wazo hilo likasafiri na ukoloni. Huku kwetu likawa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, jirani wa Sura ya 168 ya usalama barabarani. Katika lugha yake, mwenye gari ni mtu wa kwanza, kampuni ya bima ni wa pili, na wa tatu ni yule anayesimama kando ya barabara bila kujua kwamba zamu yake imefika. Sheria imeandikwa kwa ajili ya huyo wa tatu. Ndiyo maana bima yake ni ya lazima, na ndiyo maana trafiki alikuwa akichungulia kioo chako.

Uhuru ulipokuja, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara ya bima ikataifishwa na kuwekwa mikononi mwa shirika hilo. Kwa karibu miaka 30, Mtanzania wa Bara aliyetaka bima alikuwa na mlango mmoja wa kugonga. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua soko kwa kampuni binafsi. Mwaka 2009 ikaja sheria nyingine iliyounda mamlaka ya kusimamia bima, TIRA, na pia ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, ambako mwananchi anapeleka malalamiko bila kulipia.

Ukiisoma hivi, historia hii inaonekana kama ngazi inayopanda. Kuna ufa mmoja ambao sikuuona mpaka tulipouangukia. Sisi tunaigawa bima ya gari katika bima kubwa na bima ndogo. Anayekata bima kubwa anajilinda mwenyewe, kwa hiyo anauliza maswali: kampuni hii inalipa? Inachukua muda gani? Bima ndogo ni ile ya mtu wa tatu, na kwa gari dogo la binafsi bei yake kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT. Anayeikata hajinunulii kitu zaidi ya amani na trafiki. Hatakuwa yeye anayepanda ngazi kudai. Hivyo anaikata kwa wakala wa karibu na kuondoka, kampuni iwe nzuri au mbaya. Siku ikitokea ajali, anayebisha hodi kwenye kampuni hiyo ni mtu ambaye hakuichagua, hakuilipa hata senti, na hana cha kuitishia. Hawezi hata kusema kwamba mwakani atahamia kampuni nyingine.

*

Tuliisubiri kampuni ile miezi 14.

Kwanza ilikuwa polisi: ramani ya ajali, maelezo, ripoti ya mkaguzi wa magari. Halafu mahakama. Dereva wa lori alikiri kuendesha kizembe, akalipa faini, akaondoka. Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe hukumu ile ilikuwa ya serikali na dereva. Yetu ilikuwa haijaanza.

Nilipeleka madai Dar es Salaam mwenyewe, karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Dada wa mapokezi alinipa fomu, nikajaza. Baada ya wiki tatu nikapigiwa kwamba wanataka PF 90 halisi, si nakala. Nikaipata, nikarudi. Wakataka risiti za hospitali zenye muhuri. Nikarudi Mikumi, zikagongwa muhuri, nikapanda tena basi. Wakataka ripoti ya daktari inayotaja ulemavu kwa asilimia. Daktari akasema hawezi kutaja asilimia mfupa haujaunga. Nilipolieleza hilo pale ofisini, afisa wa madai alitikisa kichwa kwa upole wa kweli. "Kaka yangu, nakuelewa kabisa. Ila nyaraka zikikamilika tu, hatuchelewi."

Sentensi ile niliisikia mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kuiheshimu. Siku za kuhesabu ucheleweshaji zinaanza nyaraka zikikamilika, na anayeamua kama zimekamilika ni yuleyule anayetakiwa kulipa. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeniomba rushwa. Faili lilikuwa "kwenye mchakato". Afisa alikuwa likizo. Mtandao ulikuwa unasumbua. Mthamini alikuwa mikoani. Siku mthamini alipofika Mikumi kuiona Noah, alipiga picha kwa dakika 20 hivi na kuuliza gari ni la mwaka gani. Fundi wetu alikuwa ameandika matengenezo ya shilingi milioni 7.4. Mthamini aliandika milioni 3.6, akaondoa uchakavu, ikabaki milioni 2.8. Hoja yake ilikuwa kwamba gari kuukuu halistahili spea mpya. Sijui baba angefanyaje kuipata bodi kuukuu ya Noah iliyochakaa kwa kiwango kilekile.

Mguu nao ukafanyiwa hesabu yake: gharama za hospitali zilizokuwa na risiti, na kiasi kidogo kwa ajili ya maumivu. Nauli za kwenda kliniki, ambazo bodaboda hawatolei risiti, hazikuhesabiwa. Siku 400 za Noah kukaa chini ya mwembe bila kuingiza kitu hazikuhesabiwa pia. Jumla yote, gari na mguu, ilikuwa shilingi milioni 4.3. Kufikia hapo mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada mara mbili, na mama alikuwa anakunywa kidonge kimoja mahali pa viwili.

Katika safari zangu zile niliwaza mara nyingi lile bango la hifadhini. Angalau thamani ya twiga ilikuwa imeandikwa.

*

Mei 2019 walituita kusaini. Baba alikuja mwenyewe, kwa magongo, amevaa koti lake la mahafali. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ghorofa nne akipumzika kila ngazi za nusu.

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Baba Kiingereza anakisoma, lakini hiki kilikuwa cha mahakamani, herufi ndogo, sentensi moja ikianza juu na kupumua chini. Akanisogezea. "Hebu soma wewe, inasemaje?"

Niliisoma. Nilielewa. Ilisema kwamba kwa kupokea fedha hizi anaiachilia kampuni, mwenye lori na dereva wake kutoka madai yote yatokanayo na ajali ile, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye, yeye na warithi wake. Ilikuwa saa saba kasoro. Basi la mwisho ambalo lingetufikisha Mikumi kwa saa nzuri lilikuwa la saa nane. Afisa alikuwa ameshatoa kalamu na kuiweka juu ya karatasi. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja na faili lake, akisubiri kiti.

"Ni ile kawaida yao, baba," nilisema. "Inasema umepokea hela na jambo limeisha."

Akasaini. Mwandiko mzuri wa mwalimu, na tarehe chini yake.

Nataka niuweke mkataba wa Msowero hapa, kwa sababu nimeusoma mara nyingi tangu siku ile. Ni wa Novemba 1884. Karl Peters alikuwa ametoka pwani, Saadani, na wenzake wachache, akipita Usagara na karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Karatasi inaanza kwa kutangaza urafiki wa milele. Kisha Mangungo, kwa niaba ya watu wake wote, anaitoa nchi yake yote na haki zake zote kwa jumuiya ya ukoloni ya Peters, daima. Upande wa pili, Peters anaahidi kwamba Usagara itakapotawaliwa, Msowero itaangaliwa kwa namna ya pekee. Ahadi haisemi itaangaliwa kwa nini wala kwa kiasi gani. Karatasi inadai pia kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hajawahi hata kusikia kwamba kuna Sultani wa Zanzibar. Haya ni maneno ya mtu anayeishi Usagara, ambako misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikipita miaka nenda rudi. Nadhani aliyeyahitaji maneno hayo ni yule aliyeandika.

Peters alizirudisha karatasi zake Berlin. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuikubali milki ile. Kijerumani chake ni Schutzbrief, yaani barua ya ulinzi. Rafiki yangu anayesoma Ujerumani aliniambia kitu ambacho nilidhani ni utani mpaka nilipohakikisha: leo hii neno hilohilo ni jina la huduma ya bima ya magari kule. Gari likikuharibikia njiani, Schutzbrief yako ndiyo inayoleta gari la kukuvuta.

Lakini mstari unaonikera zaidi katika mkataba wa Msowero ni ule wa karibu na mwisho. Unasema kwamba mkataba umeelezwa kwa Mangungo waziwazi na mkalimani, na unamtaja jina: Ramazan. Vitabu vyetu vya shule vina Mangungo na vina Peters. Ramazani hayumo. Sisi tumejadili kwa zaidi ya miaka 100 ujinga wa aliyeweka alama na ulaghai wa aliyeleta karatasi, na tumempita yule mtu aliyesimama katikati, pekee aliyeweza kuzisikia pande zote mbili.

*

Fedha ziliingia. Zililipa ada, madeni ya hospitali na ya dukani. Noah ikauzwa chuma chakavu pamoja na injini yake nzima. Desemba mguu ukaanza kuvimba. Picha ilionyesha mfupa mmoja haukuunga vizuri, na daktari akataka upasuaji mwingine wa shilingi milioni 5. Niliipigia kampuni. Afisa alikuwa mpole kama zamani. Alinikumbusha ile karatasi.

Wakati ule sikujua kwamba kuna msuluhishi wa bima. Ningeweza kwenda kwake mwezi wa tatu wa kuzungushwa, au mwezi wa sita, kabla ya kusaini chochote. Sikujua kwamba kiasi kinachotolewa kinaweza kukataliwa kwa maandishi, wala kwamba mtu anaruhusiwa kusema, "Naomba nakala niende nayo nyumbani wiki moja." Nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimesoma ukoloni, nadharia zake na watetezi wake, na niliwahi kupata A katika insha kuhusu mikataba ya Usagara.

Upasuaji ulifanyika baada ya shangazi kuuza ng'ombe wawili na sisi kuuza mabati ya nyumba ambayo haijaezekwa. Baba anatembea kwa fimbo sasa. Baada ya kutoka hospitali aliniomba nakala ya karatasi ile. Alikaa barazani na kamusi na daftari la mistari, akaitafsiri neno kwa neno kwa siku mbili, kwa mwandiko uleule mzuri. Alipomaliza hakunilaumu. Alilifunga daftari na kusema, "Nimewauliza watoto miaka 33 kwa nini Mangungo alikubali. Hata siku moja sikuwauliza aliambiwa nini."

Siku hizi anafundisha tuisheni palepale barazani, watoto kumi na wawili wa jirani, na mchezo wake ameubadilisha. Anawaita watoto wawili, mmoja Mangungo na mwingine Ramazani. Karatasi anampa Ramazani pekee aisome kimya, na inasema wazi kwamba mwenzake atapoteza viatu. Kisha peremende mbili zinawekwa mezani, moja kwa kila mmoja, na darasa linanyamaza kusikiliza Ramazani atasema nini.

Likizo iliyopita nilikuwepo. Ramazani wa siku ile, msichana wa darasa la sita, alimtazama mwenzake, akazitazama peremende, akasema, "Weka tu alama, ni kawaida." Watoto wakapiga kelele. Mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, yule Ramazani wa kweli yeye alipewa nini?"

Baba hakujibu. Alinigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye ngazi, na watoto wote wakanigeukia.

"Aliwahi basi la saa nane," nikasema.